Usiku wa Singeli: Kigodoro katika Historia ya Kiswahili

Historia ya Kiswahili imeandikwa kwa kutegemea zaidi yale yaliyowahi kutiwa kwenye karatasi. Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728, miswada ya Pate na Lamu, na kazi ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha lugha kwa msingi wa Kiunguja, ndiyo mambo yanayojaza kurasa. Hata hivyo, lugha hii ina ukumbi mwingine usio na maktaba, nao ni ngoma ya usiku. Katika mitaa ya Dar es Salaam kama vile Manzese, Tandale na Mburahati, ukumbi huo umekuwa wa singeli, muziki unaoundwa kwa kompyuta na kupigwa katika baa ndogo, nyua na vichochoro, hususan katika sherehe za mkesha ziitwazo vigodoro.

Jina lenyewe lastahili kuzingatiwa. Wenyeji husimulia kwamba waalikwa wa harusi walikuwa wakija na magodoro madogo ili walale hukohuko baada ya ngoma. Kwa njia ya taashira, kifaa cha kulalia kikawa jina la usiku ambao watu hawalali.

Singeli haikuzuka ghafla. Mchiriku wa miaka ya 1990, uliochipuka katika ngoma za Wazaramo, ulitumia vinanda vidogo vya Casio na vipaza sauti vikuukuu. Taarabu ya kisasa nayo ilirithisha mipasho. Madijei walichukua vipande vya ala za taarabu, wakavirudiarudia na kuvizidishia mwendo, na mghani akashika maikrofoni. Baadaye studio ndogo, kama ile ya Sisso huko Mburahati, zikaanza kuunda midundo mipya ambayo mwendo wake huvuka mapigo 200 kwa dakika. Mwaka 2017, lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo uitwao Sounds of Sisso, na sauti ya uswahilini ikafika katika majukwaa ya Ulaya.

Wako wanaodai kwamba muziki huu ni kelele, na kwamba lugha yake ni Kiswahili kilichoharibika. Dai hilo halina mashiko ya kiisimu. Kwanza, silabi nyingi za Kiswahili ni huru, yaani huishia na irabu. Mghani aweza kuzimimina kwa kasi kubwa bila kumeza konsonanti za mwisho, na msikilizaji akaendelea kuyatambua maneno. Sifa hiyohiyo ndiyo iliyomwezesha malenga kuupanga mshororo kwa mizani nane na nane.

Pili, zingatiwe wimbo wa Man Fongo wa mwaka 2016 uitwao Hainaga Ushemeji. Umbo “hainaga” halimo katika Kiswahili sanifu. Mazoea huonyeshwa kwa hu-, kama katika “huja”, lakini hu- haina ukanushi wake mahsusi. Neno “haji” laweza kumaanisha kwamba mtu haji leo, au kwamba hana desturi ya kuja. Kiambishi -ga, chenye ndugu zake katika Kisukuma, Kinyamwezi na lugha nyingine za Kibantu, huliziba pengo hilo: “hajagi”, “sijuagi”, “hainaga”. Wasemaji wa bara waliohamia mjini walikuja na nyenzo ya sarufi, na muziki wa usiku ukaisambaza. Haya ni mabadiliko ya lugha yanayotokea mbele ya macho ya wataalamu.

Ni kweli kwamba vigodoro vina matusi na vurugu, na viongozi wamewahi kuvipiga marufuku. Hiyo si sababu ya msomi kuvipa kisogo. Unyago nao una maneno yasiyosemwa mchana, na wataalamu wameuchunguza kwa heshima.

Jambo la kuhofiwa ni upotevu. Rekodi nyingi zilizosafiri ng’ambo ni za ala tupu, au zina maneno yasiyoeleweka kwa wasikilizaji wake. Majina ya wenyeji yanayotajwa, sifa za anayetuza, kijembe kinachotungwa papo hapo na jibu lake, hayo yote hutoweka kunapokucha. Edward Steere alipochapisha hadithi za Unguja mwaka 1870, alikusanya masimulizi ya vinywani ambayo leo ni hazina ya kila mwanafunzi wa fasihi. Vinasa sauti vya leo hutoshea mfukoni, na Mburahati haiko mbali na Mlimani. Kinachotakiwa ni wanafunzi watakaoomba idhini ya wenye sherehe, wakakesha nao, wakanakili kila neno kama lilivyotamkwa. Kazi hiyo isipofanywa sasa, mwanahistoria wa kesho atakuwa na midundo ya singeli bila Kiswahili chake.