Mgeta na Elimu ya Kujitegemea: Kazi Bila Hesabu Haijengi Mzalishaji

Linapozungumzwa suala la kufundisha ujasiriamali shuleni, wako wanaodhani kuwa hilo ni jambo geni lililoletwa na wataalamu kutoka nje. Historia ya wakulima wa Mgeta, magharibi mwa milima ya Uluguru, inaonyesha vingine.

Mnamo mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta mapana ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Waliokaidi waliadhibiwa. Katika sehemu nyingi za milima udongo wenye rutuba ni wa juu juu tu. Matuta yaliufukia, mahindi yakadumaa. Mkulima alitoa jasho, asione faida. Aidha, ardhi ilikuwa ya ukoo, na watu walihofu kunyang'anywa. Julai 1955 wananchi wa Matombo waliandamana, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa mwaka huo huo.

Lakini Mgeta mambo yalikuwa tofauti. Huko wakulima walikuwa na ngazi zao za asili, na walimwagilia mboga kwa mifereji kutoka vijito vya mlimani. Kabichi, njegere na viazi vilikuwa na soko Morogoro na Dar es Salaam. Kwa hiyo tuta lililoshika maji lilimlipa aliyelichimba, naye akalitunza bila ya kusimamiwa na askari. Mlima ulikuwa ule ule, na wakulima walikuwa Waluguru wale wale. Kilichotofautiana ni hesabu: mkulima wa Mgeta aliijua faida ya kazi yake.

Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule iwe na shamba au karakana, kumbukumbu za kazi zitunzwe vizuri, na wanafunzi washiriki kupanga na kuamua matumizi ya mapato. Huo ndio msingi wa kile kiitwacho leo ujasiriamali. Hata hivyo, lazima tujisahihishe. Katika shule nyingi jembe lilichukuliwa, daftari la hesabu likaachwa. Shamba la shule likageuka mahali pa adhabu kwa waliochelewa. Hapo tulirudia, bila ya kukusudia, kosa la mkoloni: kuamrisha kazi pasipo kumwonyesha mfanyakazi matunda yake. Kijana akaondoka shuleni akilichukia jembe.

Mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024, wenye mkondo wa amali na somo la biashara katika sekondari, unatupa nafasi ya pili. Nafasi hiyo itapotea iwapo ujasiriamali utakaririwa ubaoni kwa ajili ya mtihani, kama vile kujitegemea kulivyopotea shambani.

Tuchukue mfano wa lumbesa. Mnunuzi hulipa bei ya gunia moja la kilo 100, lakini hulijaza hadi kilo 130. Katika kila magunia kumi, mkulima hutoa magunia matatu bure. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, lakini sheria haimlindi asiyepima. Mwanafunzi wa Mgeta afundishwe kupima mazao ya shamba la shule, kuandika gharama za mbegu, mbolea na nauli, kuulizia bei ya Kariakoo, na kuamua pamoja na wenzake faida itumikeje. Hilo ni somo la hesabu, na ni somo la ukombozi pia.

Wapo watakaosema kuwa elimu ya namna hii itazaa walanguzi. Hatari hiyo ipo, ikiwa kijana atafundishwa kumzidi ujanja jirani yake. Dawa yake ni ushirika. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Lakini chama ambacho wanachama wake hawajui kusoma mizania huishia mikononi mwa wachache. Mkulima mmoja mwenye mzani hudharauliwa na mnunuzi. Kijiji kizima chenye mzani kitasikilizwa.

Wajibu wa makada na walimu ni kuhakikisha kwamba kila penye shamba la shule pana daftari, na kwamba mwanafunzi ndiye anayeliandika.