Kuihamisha Ubuntu hadi toleo jipya

Madrasa ya mtaani kwetu ina tarakilishi moja ya mezani, tuliyopewa ikiwa imeshatumika. Ndani yake mna orodha ya wanafunzi, hesabu za ada, na sauti za wazee tuliowarekodi wakisimulia habari za Mji wa Kale. Baadhi yao wameshatangulia mbele ya haki. Kwa hivyo nilipogundua kwamba Ubuntu 20.04 iliyomo iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama Mei 2025, nilijua lazima niihamishe, na moyo ulinienda mbio.

Nambari hizo si fumbo. 20.04 ni Aprili 2020, na 24.04 ni Aprili 2024. Kila miaka 2 hutolewa toleo la muda mrefu, linaloandikwa LTS, nalo hutunzwa bure kwa miaka 5. Mradi wenyewe ulianzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina ni la Kizulu na Kixhosa, ndugu wa neno letu "utu". Ndiyo maana halitushindi kutamka.

Wengi hukosea hapa: hakuna kuruka. Kutoka 20.04 unapita kwanza 22.04, ndipo uende 24.04. Kujua ulilonalo, fungua dirisha la amri uandike lsb_release -a.

Kabla ya yote, nakili kila kitu chenye thamani kwenye diski ya nje, kisha zifungue faili chache humo uhakikishe zinasomeka. Mimi nilinakili mara mbili, na diski ya pili nikampa mwalimu mkuu akaiweke kwake. Tazama nafasi pia kwa df -h. Data inayovutwa huzidi gigabaiti 1 kwa kila hatua, kwa hivyo bando la siku moja la bei ya chini linaweza kukuacha njiani.

Halafu andika sudo apt update, ufuatishe sudo apt upgrade, na uwashe mashine upya. Ndipo uandike sudo do-release-upgrade. Itakuuliza maswali. Ikitaka kubadilisha faili ya mipangilio ambayo wewe mwenyewe uliihariri, jibu N ibakishe ya zamani, utaipitia baadaye.

Nilianza baada ya Isha. Hatua ya kwanza ilikwenda vyema. Katikati ya hatua ya pili, stima ikapotea mtaa mzima. Mashine ya mezani haina betri, nasi hatuna kifaa cha kuhifadhi umeme, ujinga ambao nilijua ni ujinga kabla sijaanza. Stima iliporudi, kioo kilikuwa cheusi tu. Nilibonyeza Ctrl, Alt na F3 pamoja, likatokea dirisha la maandishi, nikaingiza jina na neno la siri. Nikaandika sudo dpkg --configure -a, ambayo humalizia vifurushi vilivyoachwa nusu, kisha sudo apt --fix-broken install, na mwisho sudo apt full-upgrade. Ilichukua muda, ila ilikamilika, alhamdulillahi. Mwenye tarakilishi ya kupakata asimamie betri iliyojaa, na waya uwe umechomekwa.

Mashine ikiwa dhaifu, usilazimishe. Ubuntu 24.04 ya kawaida inapendekezewa gigabaiti 4 za kumbukumbu na 25 za diski. Chini ya hapo, Xubuntu ni nyepesi zaidi. Ukiamua kuisakinisha upya kwa flashi, soma kila ukurasa kabla ya kubonyeza, kwani chaguo la kufuta diski hufuta kweli.

Vyanzo vya programu vilivyo nje ya hazina ya Ubuntu huzimwa wakati wa kuhama. Printa yetu ilikataa kuchapa siku mbili mpaka nikaipachikia upya programu yake. Sauti za wazee nilizifungua moja moja asubuhi ile, zote zikasikika.