Wanazi wa Tanga na Ujirani Ulioamuliwa na Wengine

Kila nipitapo Kigombe, katika barabara ya Tanga kwenda Pangani, huona ngalawa ufukweni na mkonge nchi kavu. Wanafunzi wangu hushangaa niwaambiapo kuwa mkonge huo uliwahi kuifikisha siasa ya Hitler katika pwani hii.

Mwaka 1893 Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge, ikapandwa Kikogwe, jirani na Pangani. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Ujerumani ilipokonywa koloni, na Shirikisho la Mataifa likaikabidhi Tanganyika kwa Uingereza. Kuanzia 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurejea, na wengi walishika mashamba Tanga na Usambara. Hitler alipotwaa madaraka mwaka 1933, chama chake kilipata wafuasi miongoni mwao, na Berlin ikazidi kudai koloni zake.

Hofu ilivuka mpaka hadi Kenya. Mwaka 1938 walowezi Waingereza waliunda Tanganyika League kuzuia nchi hii isirudishwe kwa Ujerumani. Kuwapinga Wanazi kulikuwa haki. Hata hivyo, tusisahau kwamba katika miaka ya 1920 walowezi wa Kenya walikuwa wakidai Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe, wao wakiwa na sauti kubwa.

Aliyesimama kuwajibu alikuwa mtu wa kwetu. Mwaka 1931 Martin Kayamba, Mbondei aliyepata kuwa karani Tanga, alikwenda London pamoja na Chifu Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamugira wa Bukoba. Waliieleza kamati ya Bunge kuwa Waafrika wa Tanganyika hawautaki muungano huo. Walikwisha kuiona Kenya, ambako nyanda za juu zilitengewa Wazungu.

Vita vilipoanza Septemba 1939, Wajerumani walitiwa kizuizini, lakini mkonge uliendelea kukatwa na mikono ile ile. Mdigo wa Tanga na nduguye wa Kwale hawakuulizwa na Berlin wala na walowezi.

Ndiyo maana, ndugu msomaji, asikikapo leo mwanasiasa akimtaja jirani kuwa ni tishio, au akitaka kumkumbatia ghafla, nawaomba tuulize swali la Kayamba: je, ardhi itabaki mikononi mwa nani?