Kichungi cha Watu

Ingia garaji lolote kati ya Sake na Masisi-Centre useme unatafuta filtre. Fundi atakuuliza: ya mafuta, ya mazutu ao ya hewa? Ukijibu ya hewa, atafungua kapo, maana kwake hewa ni ile inayovutwa na moteri. Hewa inayovutwa na dereva na abiria haimo kwenye swali hilo. Nami naamini hapo ndipo tatizo linapoanzia: kitu kisicho na jina hakiagizwi, na kisipoagizwa hakibadilishwi.

Majina ya filtre ya hewa hiyo ya watu yapo, ila yametoka mbali. Wauza piesi wa Goma husema filtre à pollen. Pollen ni chavua, na jina hilo lilizaliwa Ulaya, ambako maua yanapochanua watu wengi hupata mafua na macho kuwasha. Ni jina la haki huko. Sisi adui yetu ni vumbi. Karibu na Sake barabara inapita penye lava ya volkano ya Nyamulagira, ile iliyofika hadi Ziwa Kivu mwaka 1938, na magurudumu ya malori yanaisaga kila siku. Ukipanda kuelekea Mushaki na Rubaya wakati wa kiangazi, udongo wa milima unachukua zamu. Mwenye gari akisikia chavua, atasema hilo halimhusu, na atakuwa amedanganywa na neno.

Nairobi na Dar es Salaam utasikia filta ya AC. Hilo nalo linapotosha, kwa sababu ambaye AC yake imekufa hudhani hana haja nayo. Kumbe hewa ya feni hupitia humo humo, iwe ya baridi au ya moto. Kichungi kikiziba, feni hunguruma bila kutoa upepo, na kwenye mvua ya Masisi kioo cha mbele hujaa ukungu kutokana na pumzi za watu. Hapo si suala la starehe tena, ni dereva asiyeona kona.

Kamusi zinatupa chujio na kichungi. Mimi nachagua la pili. Kuchuja ni kazi ya majimaji: katika mashamba ya Masisi maziwa yakishaganda huchujwa maji yake, kinachobaki kikawa jibini. Kuchunga ni kazi ya kitu kikavu kama unga, na vumbi ni unga. Tena milima hii ni ya ng'ombe, na mtoto wa hapa hulijua neno kuchunga kwa maana ya kulinda mifugo kabla hajalijua kwa maana ya ungo. Maana hizo mbili zikikutana katika kifaa kimoja, sioni hasara.

Kichungi cha nini, basi? Kichungi cha hewa kimeshatwaliwa na moteri. Napendekeza kichungi cha watu. Garajini litatoka fupi, filtre ya watu, na fundi atauliza: ya moteri ao ya watu? Swali hilo tu litamkumbusha mteja mapafu yake.

Katika kuchagua kichungi chenyewe kuna neno jingine linalonifurahisha. Vichungi ni vya namna mbili: cha kawaida, cheupe, kinachonasa vumbi, na kile cheusi chenye makaa ndani, kinachopunguza pia harufu na baadhi ya gesi za moshi. Vitabu husema kaboni amilifu. Kwetu makaa huitwa makala, na hakuna jiko la Goma lisilolijua neno hilo. Fundi akisema filtre ya makala, kila mtu amemwelewa. Kwa Walikale, ambako msitu hutoa unyevu mwaka mzima, la kutazama zaidi ni uvundo: kichungi kilicholowa huota ukungu na kunuka, kikiwa cheusi au cheupe, na hapo dawa ni kukitoa. Kukipuliza kwa kompresa hupasua nyuzi zake. Kwa kipimo, agiza kwa namba ya shasi, maana magari mawili ya jina moja yanaweza kutofautiana. Magari mengi ya zamani ya kazi nzito hayakuwekewa kichungi hiki kabisa, kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba lako lina nafasi yake.

Nafasi hiyo, katika magari mengi ya Japani, iko nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya magoti ya abiria. Sisi huku Kongo twaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini magari mengi yanatufikia na volani ya kulia. Ukiona mchoro wa kitabu cha Kifaransa, geuza upande. Toa vitu vyote, bana kuta za kisanduku zijikunje ndani, kishushe, fungua kifuniko chembamba, vuta kichungi polepole ili takataka zisimwagikie feni.

Kisha tazama mshale. Kuna mshale unaoonyesha hewa inakokwenda, na kuna unaoonyesha upande wa juu, na watu huchanganya. Soma maandishi yaliyo kando yake kabla ya kusukuma kipya ndani, wala usiige kilichotoka, kwani huenda aliyekiweka hakusoma. Ukimaliza, andika tarehe na kilomita kwenye ukingo wake kwa kalamu, na kwenye fakitire mwambie fundi aandike: kichungi cha watu.