Mkate, ndizi na fishi ya uzito: nini kinamzuia mtoto kukua?

Mwaka uliopita mtoto wa dada yangu, hapa Bukavu, aliacha kukua. Msichana wa miezi 18, mikono miembamba, tumbo kubwa kidogo, na kuhara kila mara. Nyumbani kila mtu alikuwa na jibu lake. Mama akasema: «Maziwa njo inamuharibu huyu mutoto, muikate.» Wakaikata. Jirani mmoja akasema ni maharagi. Wakaikata. Kisha mayai. Mimi mwenye lisansi ya agronomia nilinyamaza tu, nikifikiri mambo ya watoto si ya mtu wa mashamba. Historia njo ilinitoa ku kimya ile.

Mwaka 1888, muganga Samuel Gee wa London aliandika juu ya watoto wanaokonda na kukawia kukua, tumbo limejaa, choo kingi na cheupe. Alisema kama kuna kupona, kutatoka ku chakula. Alikuwa na haki, lakini hakujua ni chakula gani.

Mwaka 1924 ku New York, muganga Sidney Haas alielezea watoto 10 wa ugonjwa ule. 8 aliwapa ndizi nyingi, akawakataza mkate, nafaka zote na viazi. Wakapata nafuu. Wawili wasiofuata chakula kile walikufa. Haas akaamini ndizi njo dawa, na waganga wengi wakamfuata miaka na miaka. Sisi wa Kivu, walaji wa ndizi, tungefurahi ingekuwa kweli! Lakini angalia vizuri: alibadilisha vitu viwili mara moja. Aliongeza ndizi, akaondoa mkate. Ku shamba, ukitia mbolea na kubadilisha mbegu siku moja, utasema nini iliongeza mavuno? Na hasara ilikuwa kwa watoto: yule aliyehesabiwa amepona na kurudia mkate, ugonjwa uliweza kumrudilia.

Aliyetatua fumbo alikuwa Willem Dicke, muganga wa watoto ku The Hague, Uholanzi. Tangu mbele ya vita alikuwa anashuku ngano. Kisha ikaja baridi ya njaa ya 1944-1945: mkate ukakosekana, watu wakala mpaka vitunguu vya maua ya tulipu. Inasimuliwa kwamba watoto wenye ugonjwa ule walipata nafuu wakati ule, na mkate uliporudi, wakaumwa tena. Lakini Dicke hakusimama ku simulizi. Alifuata uzito wa watoto kwa muda mrefu, wakati wanakula ngano na wakati wameiacha. Pamoja na Weijers na van de Kamer, wakapima mafuta inayopotea ndani ya choo. Tezi yake ilitoka 1950, na ikajulikana kwamba mwenye kosa ni gluteni, protini ya ngano. Mahindi, mchele na muhogo havina gluteni.

Angalia kazi yake: ondoa kitu kimoja, pima, rudisha, pima tena. Ni majaribio kama yetu ya shamba!

Basi nikaomba dada fishi ya CPS. Nikaandika tarehe pembeni ya kila uzito. Miezi 14: kilo 9,1, mstari unapanda. Hapo njo maziwa ilikatwa. Miezi 15, maharagi. Miezi 16, mayai. Miezi 18: kilo 8,6. Kama chakula kile njo kilimzuia kukua, kukikata kungemponya. Kumbe mstari ulianza kushuka nyuma ya kukata, si mbele.

Na kuna kitu tulikuwa tumesahau: dada alikuwa na mimba, mtoto aliachishwa ziwa ku miezi 13. Kuhara kulianza juma lile lile. Mwaka 1933 muganga Cicely Williams, ku Gold Coast, Ghana ya leo, alielezea ugonjwa ambao baadaye aliuita kwashiorkor, neno la lugha ya Kiga: ugonjwa wa mtoto anayepoteza nafasi yake mdogo wake anapokuja. Wetu alikuwa hajavimba miguu, lakini njia ilikuwa ile ile. Ziwa limeisha, na sisi tukamnyanganya hata kile kilichobaki.

Ku kituo cha afya, mama muuguzi alipima mkono, akatibu kuhara, akatuambia turudishe chakula kimoja kimoja, kila juma kimoja. Mayai, maharagi yaliyopondwa, maziwa. Tukaongeza sambaza za ziwa letu ndani ya uji. Hakuna hata kimoja kilichorudisha kuhara. Ku miezi 22 alipima kilo 10,1. Mama aliangalia fishi, akasema polepole: «Kumbe ilikuwa njaa, mwanangu. Na mimi njo nilisema mukate.» Nilimwambia mimi nilisoma miaka mitano na sikusema kitu.

Sisemi watoto wanaokataliwa na chakula hawako. Wako, historia imetuonyesha. Ukimshuku mtoto wako, mupeleke ku muganga mbele ya kukata, juu akishaacha ngano, vipimo vinaweza kukosa kuonyesha ugonjwa. Na ubebe fishi. Kama hauna fishi, anza na kumpimisha uzito juma hili.