Video Iliyoharibika Kwenye Kamera: Namna ya Kuiokoa

Siku hizi karibu kila kanisa letu la mashariki lina ndugu ao dada anayepiga video: arusi, ubatizo, kuwekewa mikono kwa wachungaji, mazishi. Kwa jamaa zilizokimbia makwao na kuacha picha za zamani nyumbani, video hizo mara nyingine ndizo ukumbusho pekee wa sura na sauti ya mpendwa wao. Kwa hiyo faili ikikataa kufunguka, haifai kusema haraka kwamba imepotea. Mara nyingi picha zingali ndani ya kadi. Tunaeleza hapa kinachoharibika, kinachopaswa kufanywa kwanza, na mahali matumaini yanapokoma.

Kwa nini video inaharibika

Kamera nyingi na telefone zinaandika video katika faili za MP4 ao MOV. Faili ya namna hiyo ina sehemu mbili kubwa. Moja inaitwa mdat. Humo ndimo picha na sauti zenyewe zinawekwa. Nyingine inaitwa moov. Ni orodha inayoonyesha kila picha inaanzia wapi, ina ukubwa gani na inasomwa kwa njia gani. Kamera inaandika picha mfululizo, lakini kwa kawaida inaandika orodha mwishoni, mtu anapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Batri ikizimika kabla ya hapo, ao kadi ikitolewa mapema, orodha haiandikwi. Ni kama kitabu cha nyimbo kilichofunguka karatasi, bila namba wala orodha: nyimbo zote zipo, lakini msomaji hajui aanzie wapi.

Sababu nyingine ni kadi iliyochakaa, kunakili kulikokatizwa katikati, faili iliyofutwa kwa bahati mbaya, ao kadi iliyofomatiwa kabla ya kunakiliwa.

La kwanza: kadi ipumzike

Msipige video wala picha nyingine kwenye kadi hiyo. Faili ikifutwa, kinachoondoka kwanza ni jina lake tu. Picha zinabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kadi kubwa ya SD ina kifungo kidogo ubavuni. Kisogezeni upande wa kufunga. Kadi ndogo ya telefone haina kifungo hicho, lakini adapta yake inacho.

Windows ikiuliza kama ikague na kurekebisha kadi, jibuni hapana kwanza. Ikiomba kuifomati, kataeni kabisa. Fanyeni kwanza nakala ya kadi nzima: kwenye Linux programu ddrescue inafanya kazi hiyo, na kwenye Windows kuna Win32 Disk Imager. Tangu hapo, majaribio yote yafanywe juu ya nakala.

Nakala ikiisha kupatikana, fungueni kile kifungo, rudisheni kadi katika kamera ileile yenye batri iliyojaa, muiwashe na kungoja. Kamera kadhaa, kama vile GoPro, zinatambua video ambayo haikumalizika na kujaribu kuitengeneza zenyewe.

Tazameni dalili

Faili ni kubwa lakini haifunguki. Programu ya ffmpeg itasema "moov atom not found". Maana yake ni kwamba orodha haipo. Hapa programu huria inayoitwa untrunc inasaidia sana. Inahitaji faili mbili: ile iliyoharibika, na nyingine nzima iliyopigwa na kamera ileile kwa mipangilio ileile ya ukubwa wa picha, mwendo na sauti. Inasoma faili nzima ili ijue kamera hiyo inaandika namna gani, kisha inajenga orodha mpya. Kama hamna video nzima ya zamani, pigeni nyingine ya dakika chache kwa kadi tofauti, bila kubadili mipangilio. Mipangilio ikitofautiana, picha zinaweza kutoka bila sauti, ao programu ishindwe kabisa.

Faili inaonyesha ukubwa wa sifuri, ao haionekani. Tumieni PhotoRec, programu ya bure ya Mfaransa Christophe Grenier. Haitazami majina, inapitia kadi yote ikitafuta alama za mwanzo wa faili. Majina ya zamani hayarudi, kwa hiyo mtapata faili nyingi zenye namba, na itabidi kuzifungua moja moja. Video iliyoandikwa vipande vipande, huku na huku kwenye kadi, inaweza kutoka ikiwa imekatika. Wekeni faili zilizookolewa kwenye diski nyingine, si kwenye kadi ileile.

Video inafunguka lakini inakwama, ao inaonyesha vipande vya rangi ya kijani. Hapo picha zenyewe zimeharibika. Jaribuni kuifungua kwa VLC, kwa kuwa inavumilia makosa mengi, ao muipitishe katika ffmpeg ili iandikwe upya. Sehemu nzuri zitabaki. Sehemu iliyopotea hairudi.

Faili ni AVI, ya kamera za zamani. VLC inaweza kujenga upya orodha yake bila faili ya mfano. Zile za MTS zinazotoka katika kamera za AVCHD zimegawanywa katika vifungu vidogo vinavyojitegemea, kwa hiyo hata zikikatika mara nyingi zinachezwa mpaka mahali zilipokatikia.

Video ndefu imegawanyika. Huo si uharibifu. Kadi za mpaka 32 GB kwa kawaida zinatumia mpango wa FAT32, ambao haukubali faili moja ifike 4 GB. Kamera inakata, inaendelea katika faili nyingine. Tafuteni vipande vyote na kuviunganisha.

Mahali matumaini yanapokoma

Kilichoandikwa juu yake hakirudi, hata kwa fundi wa bei kubwa. Kuna pia kadi za uongo: zimeandikwa 64 GB nje, lakini ndani zina nafasi ndogo kuliko hiyo. Kadi ikiisha kujaa, kamera inaendelea kana kwamba yote ni sawa, kumbe picha haziwekwi popote. Ndiyo maana kadi mpya ipimwe kabla ya siku ya arusi, si baada yake, kwa programu H2testw kwenye Windows ao F3 kwenye Linux.

Ni nani apewe faili

Wapendwa, katika eneo letu video nyingine zinabeba mambo mazito: ushuhuda wa mtu aliyeumizwa, mapatano ya jamaa mbili juu ya shamba, uso wa mtoto. Msizipakie kwenye tovuti ya kutengeneza video ambayo hamjui wenyewe ni nani, na msimwachie fundi kadi bila kupatana. Mwenye ushuhuda aulizwe kwanza. Fundi aoneshe sehemu iliyookoka kabla ya kulipwa yote, naye afute nakala zake kazi ikiisha. Programu tulizotaja zote ni za bure. Gharama ni saa za kungoja na umeme wa kutosha.

Kujikinga

Simamisheni kamera kabla batri haijaisha, na ngojeni taa ya kadi izimike ndipo mtoe kadi. Katika ibada ndefu, simamisheni na kuanza tena kati ya nyimbo na mahubiri. Likitokea jambo, mtapoteza sehemu moja tu. Wanaorekodi kwa ordinatere na OBS wachague MKV badala ya MP4, kwa sababu umeme ukikatika, kilichokwisha kuandikwa kinabaki kikichezwa. Nakilini mahali pawili, fungueni nakala zote mbili mzitazame, ndipo mfomati kadi ndani ya kamera yenyewe.

Na video ikishindikana, jamaa waambiwe mapema na wazi. Mpiga video anayenyamaza kwa miezi anawaacha wangojee kitu kisichokuwapo. Wakijua mapema, bado wanaweza kuwaomba wageni waliopiga kwa telefone zao siku ile, kabla hao nao hawajafuta ili kupata nafasi.