Kuchagua Mji kwa Sababu ya Mchezo

Kuna watu wanaohama mji kwa sababu ya kisahani cha plastiki. Sitanii. Rafiki yangu anayesoma Finland aliniandikia mwaka jana kwamba jirani yake alikataa kazi yenye mshahara mnono katika mji mmoja, akaenda kuishi mji mwingine wenye mshahara mdogo, kwa kuwa huko kuna viwanja vitatu vya gofu ya visahani anavyoweza kuvifikia kwa baiskeli. Rafiki yangu akamalizia kwa swali: nikimaliza shahada ya uzamili, ningechagua mkoa gani wa kuishi kama ningekuwa naangalia mchezo tu?

Mimi ni mtoto wa Songea, na nasomea historia. Swali lilinichekesha, kisha likanikaa kichwani. Kwetu watu hawaulizani hivyo. Tunaulizana, "Umepangiwa wapi?" "Umehamishiwa wapi?" "Umeolewa wapi?" Ukisikiliza vizuri, katika maswali hayo yupo mtu mwingine anayeamua, na anayeulizwa ni wa kupokea tu. Nikaanza kujiuliza ni lini mtu wa Songea aliwahi kuchagua pa kuishi kwa kuwa panampendeza.

Tuanze na mchezo wenyewe, maana wengi hawajauona. Mwaka 1957 kampuni ya Wham-O ya Marekani ilinunua haki ya kutengeneza kisahani cha kurusha kutoka kwa mvumbuzi aitwaye Walter Fredrick Morrison, na baadaye kikajulikana dunia nzima kwa jina la Frisbee. Mwaka 1975 Ed Headrick, aliyekuwa mtu wa Wham-O, aliweka uwanja wa kwanza wa kudumu wa gofu ya visahani katika bustani ya Oak Grove, California. Yeye pia ndiye aliyebuni kikapu chenye minyororo inayoning'inia: kisahani kikigonga minyororo, kinapoteza nguvu na kudondokea kikapuni. Mwaka 1976 akaanzisha chama cha wachezaji. Sheria zake hazina ugumu. Unasimama mwanzo wa njia, unarusha kuelekea kikapuni, unakifuata kisahani pale kilipoangukia, unarusha tena. Mwenye mirusho michache ndiye mshindi.

Jambo la maana kwetu ni kwamba uwanja wa mchezo huu hautaki nyasi za kumwagiliwa wala miti kukatwa. Miti ndiyo inayoupa mchezo utamu, kwa sababu inabidi uipite. Vikapu 18, vibao vya namba, na eneo la umma ambalo watu wanaruhusiwa kuingia: basi, umepata uwanja. Ndiyo maana vingi havina kiingilio. Leo viko zaidi ya 10,000 duniani, vilivyo vingi Marekani, lakini ukivigawa kwa idadi ya watu, nchi kama Finland, Estonia na Iceland zinatia fora. Hizo ni nchi za baridi kali, zenye miezi ya giza. Kumbe yule jirani wa rafiki yangu hakuchagua hali ya hewa. Alichagua halmashauri ambayo zamani ilitenga msitu karibu na nyumba za watu, ikauacha.

Afrika Mashariki nako wapo wanaohama kwa ajili ya mchezo, ila wengi wao ni wakimbiaji. Iten, mji mdogo wa Kenya ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400, umejaa vijana waliopanga vyumba ili wavute hewa nyepesi na kukimbia na wenzao alfajiri. Alphonce Simbu, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo mwaka 2025, ni mzaliwa wa Singida, lakini mazoezi yake yamekuwa Arusha. Hata hivyo, kwa mkimbiaji mchezo ni kazi. Anauhama mji wake kama mchimbaji anavyofuata dhahabu. Mtu anayehama kwa kujifurahisha tu ni jambo jingine, na hapa kwetu haki hiyo ilianza kama mali ya wachache.

Angalia Dar es Salaam ya wakoloni. Mji uligawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mnazi Mmoja pakaachwa wazi kati ya makazi ya Waafrika na sehemu nyingine za mji. Wazungu walikuwa na klabu zao, viwanja vya tenisi na vya gofu, penye upepo wa bahari. Mnazi Mmoja haikuachwa wazi ili watoto wa Kariakoo wapate pa kucheza. Iliachwa ili watu watengane. Watoto wakacheza humo vilevile, na baadaye uwanja ukawa wa mikutano na sherehe za taifa. Nalikumbuka hilo kila ninaposikia mtu akisema kwamba Waafrika hatuna utamaduni wa maeneo ya wazi. Tulikuwa nayo, tukayatumia, ingawa kusudi la aliyeyapima lilikuwa jingine kabisa.

Sasa turudi Songea. Wangoni ni watu waliochagua, hilo halina ubishi. Walitoka kusini mwa Afrika katika misukosuko ya enzi za Shaka, wakavuka Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, na baada ya kifo chake huko Ufipa makundi yao yakatawanyika. Baadhi wakaishia katika nchi hii ya vilima na miombo, wakajenga tawala mbili, Njelu na Mshope. Bila shaka wenyeji waliowakuta hawakuulizwa. Uchaguzi wa mmoja ulikuwa kuhamishwa kwa mwingine, na mwanahistoria hana ruhusa ya kulipita hilo kimyakimya.

Mwaka 1897 Wajerumani wakajenga boma, na mji ukaja kubeba jina la nduna Songea Mbano. Vita vya Majimaji vilipofika Ungoni mwaka 1905, vilimalizika kwa kitanzi. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wengi kwa siku moja, akiwemo Nkosi Mputa Gama wa Njelu, na kuwazika katika kaburi la pamoja. Nduna Songea naye alinyongwa. Chakula kilikuwa kimechomwa, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Leo pale pana makumbusho, katika eneo la Mahenge, na kila mwisho wa Februari watu wanakusanyika kuwakumbuka.

Waingereza walipochukua nchi, Songea ikawa mkoba wa vibarua. Reli haikufika, soko lilikuwa mbali, kodi ilikuwa karibu. Tumbaku na kahawa viliwasaidia baadhi, lakini maelfu ya wanaume walikwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na pwani. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha shirika lao la kuandikisha vibarua, maarufu kama SILABU. Vibarua hao waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Mtaalamu P. H. Gulliver aliwaandikia Wangoni na Wandendeule kitabu kizima mwaka 1955, na mada yake si ngoma wala koo zao. Ni kuondoka kwao.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Hakupenda kusimulia kazi ya mkonge. Alisema mkonge ni miiba, ukishajua hilo umejua yote. Alichopenda kusimulia ni Jumapili. Kambini watu wa kila kabila walicheza ngoma za kwao kwa kushindana, na Wangoni walikuwa na lizombe yao. Babu alikuwa akisimama katikati ya sebule, mzee wa miaka themanini, akakunja magoti kutuonyesha jinsi walivyokuwa wakiitingisha ardhi ya watu. Lugha yetu haitenganishi mambo haya: ngoma huchezwa, mpira huchezwa, bao huchezwa. Kumbe jibu la babu kwa swali la rafiki yangu lilikuwa limegeuzwa. Hakuhama kufuata mchezo. Alihamishwa na kodi, naye akaubeba mchezo hadi alikopelekwa.

Njia hiyo haikuwa ya kwenda tu. Ngoma ya beni, yenye gwaride na vyeo vya kijeshi, ilianzia miji ya pwani ikasambaa bara kwa miguu ya askari na vibarua. Mganda wa kandokando ya Ziwa Nyasa, pamoja na kaptula zake nyeupe na mistari iliyonyooka, una damu ya beni. Watu waliondoka na lizombe, wakarudi na gwaride.

Baada ya uhuru ulifika wakati ambao bado unanisisimua. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa TANU walikwenda Litowa, pori lililokuwa mbali kidogo na mji wa Songea, wakaamua kuishi pamoja, kulima pamoja na kusomesha watoto kwa namna yao. Vijiji vingine vikaiga, ukazaliwa Umoja wa Maendeleo wa Ruvuma, chini ya katibu wake Ntimbanjayo Millinga. Mwalimu Nyerere aliusifu. Walikuwa na mashine ya kusaga mjini, na shule ambayo wageni walisafiri kwenda kuiona. Mnamo Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikaupiga marufuku umoja huo. Miaka minne baadaye, Novemba 1973, ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na mwisho wake ni 1976. Watu wakapakiwa kwenye malori. Jambo ambalo Litowa ililifanya kwa hiari sasa likafanywa kwa amri, na jina likabaki lilelile: kijiji cha ujamaa.

Ndiyo maana siwezi kulijibu swali la mkoa bora kana kwamba nasoma ramani ya utalii. Lakini nitalijibu, maana swali si la kipuuzi.

Vigezo vyangu ni vinne: mwinuko wa wastani, ili mtu atembee saa mbili asizimie, miti iliyoachana, ardhi ya umma, na watu wa kucheza nao. Dar es Salaam ina watu, haina nafasi, na jua lake halina huruma. Arusha ina hewa na wageni wanaoujua mchezo, lakini bei ya ardhi imepaa. Mufindi na Lushoto ni pazuri kupita kiasi, ila ukungu ukishuka utakitafuta kisahani chako hadi kesho. Mbinga ina miteremko ya kutisha. Ukikosa kikapu, kisahani kitakwenda kumsalimia mtu kwenye kahawa yake.

Songea ina mwinuko wa zaidi ya mita 1,000. Mvua zake zinajulikana, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kiangazi ni kirefu. Miombo haikui kwa kubanana. Unaweza kuona mti wa tatu mbele yako na kupanga mrusho. Milima ya Matogoro, inakoanzia Mto Ruvuma, inaonekana kutoka mjini. Watu tunao. Uwanja wa Majimaji umewahi kufurika kuishangilia timu ya Wanalizombe, yenye jina la utani la ngoma ileile aliyoicheza babu. Kwa vigezo vya mchezo, sioni mji wa Tanzania unaoishinda Songea kwa mbali.

Kinachonitia wasiwasi ni kigezo cha tatu. Mji unapanuka. Kila ninaporudi likizo nakuta vigingi vya upimaji pale tulipokuwa tukichunga mbuzi na kucheza chandimu. Kwenye mchoro wa mipango miji huwa pana doa la kijani lililoandikwa "eneo la wazi", na kila mtu aliyekulia katika miji yetu anajua jinsi doa hilo linavyokuja kuota vibanda, kisha ukuta, kisha geti. Halihitaji Mjerumani. Linahitaji tu vijana wote wenye elimu wawe wamepangiwa kwingine, na asiwepo wa kwenda kwenye mkutano wa mtaa kuuliza mchoro ulisema nini.

Vikapu 18 vya minyororo fundi wa kuchomelea wa Lizaboni anaweza kuvitengeneza. Nimemuulizia bei, akanicheka, kisha akaanza kupiga hesabu ya nondo. Vyuma si tatizo. Tatizo ni ekari chache zenye miti, ambazo leo zipo na hazina hati ya mtu. Rafiki yangu nimemjibu hivi: nachagua Ruvuma, na mkutano wa mtaa wetu ni mwezi ujao.